Mwandishi wa Kununua Bila Kufungua

Jambo ninalotaka kuwaelezeni lilianzia bwenini mwetu usiku, baada ya taa kuzimwa, saa ambayo kwa amri ya shule kila mtu yampasa awe amelala. Mwenzetu mmoja aliuliza hivi: "Kama ungepewa kwacha 5,000 tu, na mbele yako vimepangwa vitabu vya hadithi za picha vilivyofungwa kwa karatasi, huruhusiwi kuvifungua, waona jina la mwandishi tu, ungenunua cha nani?" Basi hatukulala. Mwalimu wa zamu alikuja mara mbili kutugongea dirisha.

Wengi walisema Stan Lee. Najua sababu: wameiona filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, na mtu huyo alizuliwa na Stan Lee pamoja na mchoraji Jack Kirby mwaka 1966. Sina ugomvi na Bwana Lee. Lakini aliandika mengi mno, na mtu anayepika vyungu ishirini kwa siku lazima kimoja kiungue. Nilipojaribu kusema hayo nilitupiwa kandambili, nikanyamaza. Leo nasema kwa karatasi, na karatasi haitupiwi kandambili.

Nilizaliwa Rumonge, Burundi, mji ulio ufukoni mwa ziwa Tanganyika, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya mtaani. Mwaka 2015, nikiwa na miaka tisa, tulivuka mpaka wa Tanzania tukafika Kagunga. Watu walikuwa maelfu kwa maelfu katika kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inatuchukua kwa zamu kwenda Kigoma. Haikuweza kufika ufukoni, ilisimama mbali kidogo, tukapelekwa kwa mashua. Nakumbuka ukuta mrefu wa chuma, na mkono wa mtu nisiyemjua ulionivuta juu kama avutavyo mtu ndoo kisimani. Kutoka Kigoma tulipelekwa kambi ya Nyarugusu.

Huko Nyarugusu kaka yangu alipata gazeti la Sani lisilo na jalada. Sani lilianzishwa Dar es Salaam na Bwana Saidi Bawji na Bwana Nico ye Mbajo, na jina lake ni mwanzo wa jina la huyu na mwanzo wa jina la yule. Kaka alinisomea habari za Ndumilakuwili mpaka nikazijua kwa moyo, kisha akakataa kunisomea tena. "Soma mwenyewe," akasema, "mimi nimechoka." Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma, nilikuwa nayajua maneno tayari, nikawa natafuta tu yamekaa wapi. Baadaye nilisikia kuwa mmoja wa wachoraji wa kwanza mashuhuri wa gazeti lile, Bwana Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wengine wakaendelea na kazi. Yaani gazeti lililonifundisha kusoma lilikwisha kumpoteza mtu kama huyo miaka ishirini kabla sijazaliwa, na bado lilikuwa likichekesha watoto katika hema.

Mwaka 2017 tulifika hapa Malawi, Dzaleka. Wenzetu wenyeji wa wilaya ya Dowa wanapajua vizuri, lakini kwa ajili ya wasomaji wa mbali nitasema kidogo. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, mahali hapa palikuwa gereza la wafungwa wa siasa, na jina lenyewe kwa Kichewa lina maana kama ya mtu asemaye "nimekoma, sirudii." Palikusudiwa watu elfu kumi au zaidi kidogo. Leo tumepita 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia, Wasomali. Kiswahili ndicho tunachopatania, ndiyo sababu ukurasa huu upo, na ndugu zetu Wamalawi wanaotuuliza kila muhula kwa nini gazeti lina kurasa wasizozisoma, jibu ni hilo.

Sasa nirudi kwa waandishi.

Shuleni petu yuko Sista mmoja kutoka Kenya ambaye ameweka katika bahasha vipande vya gazeti la Taifa Leo alivyovikata utotoni. Ni Juha Kalulu, kazi ya Bwana Edward Gitau. Mzee huyo alianza kumchora Juha Kalulu miaka ya 1950 akaendelea naye kwa miongo mingi. Visanduku vichache tu, kisha kesho tena, kisha kesho kutwa. Sista alitusomea viwili vitatu darasani. Wanafunzi Wakongo na Warundi tulicheka mahali palipostahili kuchekwa. Wamalawi walicheka hata kabla hajaanza, kwa sababu ya jina! Kwa Kichewa kalulu ni sungura, na katika hadithi zao zote sungura ndiye mwerevu awapigaye wanyama wote chenga. "Kalulu hawezi kuwa juha," mmoja akasema kwa hasira ya kweli, kama ametukaniwa mjomba. Sista akamjibu kwamba labda Kalulu wa Nairobi amejifanya mjinga ili ale bure. Jibu hilo lilimridhisha.

Mimi namheshimu Bwana Gitau kwa jambo moja kuliko yote: kuandika kila siku. Mtu anayetoa kitabu kimoja kwa miaka mitano ana nafasi ya kuficha siku zake mbaya. Anayetoa kila siku hana pa kuzificha. Nitaeleza mbele kwa nini jambo hili linanichoma.

Bwana Gado wengi mnamjua kwa katuni za siasa. Jina lake ni Godfrey Mwampembwa, amezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, na magazeti ya Nairobi ndiyo yaliyomfanya ajulikane. Mimi nilimjua kwa njia nyingine, kwa kitabu chake Abunuwasi kilichotolewa na Sasa Sema huko Nairobi mwaka 1996. Hadithi za Abunuwasi kila mtoto wa pwani na wa bara amezisikia kwa bibi yake. Kwa hiyo kazi ya mwandishi ni ngumu, maana msomaji anajua mwisho. Gado anaushinda ugumu huo kwa sura za watu. Mtazame tajiri anapoanza kutambua kuwa ameibiwa kwa maneno yake mwenyewe: kwanza jicho moja, halafu la pili. Hakuna haja ya kuandika "akashangaa." Huyu ningemnunua bila kufungua, na bila kuuliza bei.

Lakini tusidanganyane, kutegemewa kwa kazi safi si sawa na kutegemewa kwa ukweli. Nina mfano. Katika kambi yetu vitabu vya Tintin ni vingi, vililetwa na Wakongo katika mabegi yao, na si ajabu kukuta mtu amekimbia bila viatu lakini ana Tintin. Hergé wa Ubelgiji alikuwa fundi. Mistari yake haikosei, hadithi zake hazilegei, ukianza ukurasa wa kwanza utafika wa mwisho. Lakini alianza kuandika safari ya Tintin huko Kongo mwaka 1930 bila kukanyaga Kongo hata siku moja, na watu aliowachora humo ni midomo na ujinga mtupu. Mkongo mmoja alikishitaki kitabu hicho Ubelgiji, na mwaka 2012 mahakama ilikataa kukipiga marufuku. Mzee mmoja jirani yetu, mwenyeji wa Bukavu, anakipenda. Nilimwuliza, "Baba, hawakuudhi hawa?" Akasema, "Hao si sisi. Hao ni watu aliokuwa nao kichwani mwake Mzungu. Mimi nawatazama kama ninavyotazama nyani wa sarakasi, nacheka nami naenda zangu." Mimi sikuweza kwenda zangu. Naamini kalamu ya Hergé. Nyumba yangu nisingempa ailinde.

Muhula uliopita Padre mmoja alirudi kutoka likizo na kitabu kikubwa cha Kifaransa, Madame Livingstone, kilichotoka mwaka 2014. Mchoraji ni Barly Baruti, Mkongo aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, na aliyeshirikiana naye katika kuiandika ni Christophe Cassiau-Haurie. Ni hadithi ya Vita Kuu ya Kwanza katika ziwa Tanganyika: afisa Mbelgiji anatumwa kuipiga meli ya Wajerumani, na anayemwongoza ni mtu chotara wa ajabu, avaaye sketi ya Kiskoti, ambaye watu husema ni mtoto wa Livingstone. Nilikisoma kwa sababu ya ziwa tu. Nilitaka kuona kama ataliweza lile ziwa langu, jinsi asubuhi maji na milima ya upande wa pili yanavyokuwa rangi moja. Aliliweza.

Ndipo nikaulizia habari za ile meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Mwalimu wetu wa historia akanieleza kwamba ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma ikaungwa tena, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya, Liemba.

Nilimwomba Mwalimu arudie jina hilo. Akarudia. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimeipanda hiyo." Darasa lote likageuka. Usiku ule nilikifungua kile kitabu upya tangu mwanzo, na safari hii sikusoma maneno.

Tukienda Lilongwe ni karibu kilomita hamsini, lakini kwa sisi wa kambini umbali wenyewe si kilomita, ni kibali. Mwezi wa sita shule iliomba kibali tukapelekwa kuona Maktaba ya Taifa, na jioni tukapewa saa mbili za kutembea Mji wa Kale. Nilikuwa na kwacha 6,000 mfukoni. Fedha hizo hazikuwa zangu peke yangu, nanyi mtaona punde zilikuwa za nini. Zilikuwa za karatasi na wino. Tulivuka daraja la mbao karibu na soko, lile ambalo waliolijenga wenyewe hutoza ada ya kupita, na upande wa pili mtu ametandaza vitabu vya mitumba chini, juu ya mfuko wa mbolea. Katikati ya vitabu vya hesabu na Biblia nikaona Aya, kwa Kiingereza, cha Marguerite Abouet na mchoraji Clément Oubrerie.

Jina la Bibi Abouet nilikuwa nimelisikia. Alizaliwa Abidjan, na kitabu chake cha kwanza cha Aya, cha mwaka 2005, kilipata tuzo huko Angoulême, Ufaransa, mwaka uliofuata. Basi nikafanya lile lile tulilobishania bwenini: nikanunua bila kufungua. Muuzaji alitaka 5,000, nikampa. Wino ukabaki dukani.

Mwenzangu mchoraji, Mkongo wa Fizi, hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu akaomba kukiona hicho kilichokula wino wake. Alikichukua saa ya chakula cha mchana, akakirudisha usiku, akasema tu, "Hakuna vita." Nikamwuliza ana maana gani. "Kitabu kizima," akasema, "watu weusi, mji mzima, wala hakuna vita. Wanagombana habari za wachumba na bia, na msichana mmoja anataka kuwa daktari." Alikuwa kama mtu aliyeona mto unapanda mlima. Kweli ndivyo ilivyo: Yopougon, mtaa wa Abidjan, miaka ya 1970, wasichana watatu na taabu za ujana. Bibi Abouet alitoa vitabu sita mpaka mwaka 2010, kisha wasomaji wakangoja miaka kumi na miwili kabla ya cha saba kutoka mwaka 2022. Wakangoja. Sijui nani angeningoja mimi miaka kumi na miwili.

Kitabu cha mwisho nitakachokitaja mgeni mmoja alituachia shuleni. Ni When Stars Are Scattered cha mwaka 2020, na walioandika ni wawili: Omar Mohamed, Msomali aliyelelewa katika kambi ya Dadaab huko Kenya, na Victoria Jamieson, Mmarekani ambaye ndiye mchoraji. Ni habari za Omar mwenyewe na mdogo wake Hassan, ambaye ana kifafa na karibu neno lake la pekee ni "Hooyo," yaani mama. Mama yao walipotezana naye wakati wa kukimbia. Yuko mama mwingine wa kambini, Fatuma, anayewalea kama wanawe.

Nilikichukua nyumbani likizoni nikawa namsomea mama yangu jioni, nafasiri kwa Kiswahili. Hajaenda shule, lakini ni msikilizaji mkali. Mahali Omar anapojiuliza kama aende shule amwache Hassan, mama aliinua mkono. "Ngoja," akasema, "mtoto atabaki na nani?" Nikamwambia na Fatuma. Akasema, "Haya, endelea." Walipofika kwenye kungoja, kungoja jina lako litokee kwenye orodha, miaka na miaka, aliniuliza kama mwandishi alikaa kambini kweli au aliambiwa. Nilipomwambia alikaa, akatikisa kichwa kama fundi anayemkubali fundi mwenzake.

Bwenini walinipinga: Omar ana kitabu kimoja tu cha namna hii, utamtegemeaje mtu mwenye kitabu kimoja? Walikuwa na haki. Lakini mama alikuwa amemkubali, nami mahakama hiyo siikatii rufani.

Sasa zile fedha za wino. Tangu mwaka jana mimi na mwenzangu wa Fizi tunatoa hadithi yetu ya picha, mimi naandika, yeye anachora. Inaitwa Bwana Foleni. Ni mtu ambaye maisha yake yote yuko katika foleni: ya maji, ya kadi, ya kibali, na mara moja alisimama katika foleni nusu siku akakuta ni ya harusi. Hatuna mtambo, ni daftari moja, kurasa nane, linapita kambini nyumba kwa nyumba, na kila asomaye hutoa kwacha 100 au hindi la kuchoma. Madaftari sita ya kwanza niliyaandika polepole, nikifuta na kuandika upya. Watoto walikuwa wakinikimbilia Jumamosi wakiona nashuka njiani: "Foleni ametoka?"

La saba niliandika kwa jioni moja. Mitihani ilikuwa karibu, sikuwa na wazo, nikachukua kitu nilichokiona kwa macho. Mama mmoja, jirani yetu, siku moja ya mgao alifika mbele ya meza akakosa kadi yake. Alianza kufungua fundo la kitenge, ndani ya kitenge kitambaa, ndani ya kitambaa mfuko wa nailoni, ndani yake mfuko mwingine, na watu nyuma wanapiga kelele. Mimi nikaandika vivyo hivyo, na katika kisanduku cha mwisho akamtoa kuku hai. Mwenzangu alimchora kuku vizuri sana. Hakuna daftari lililosomwa kama hilo. Watu walilia kwa kucheka, na hapo ndipo tulipopata zile kwacha 6,000.

Yule mama alimtuma mtoto na kwacha 100 kulikodi. Likarudi jioni ile ile, limefungwa vizuri katika gazeti lisichafuke. Kesho yake tulikutana kisimani. Sikuwa na pa kupita.

"Mwanangu," akasema, "umeandika vizuri. Ila kuku hakuwamo."

Nikasema, "Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Zilizokuwamo ni picha za wanangu wawili. Nazifunga hivyo zisilowe mvua." Akatwika ndoo yake. Kisha akageuka kidogo, maana mwenye ndoo kichwani hageuki sana, akaniuliza, "Sasa yule mama wa daftarini, kadi yake ataipata?"

Nilimwambia sijui. Na kweli sikujua. Sikuwa nimefikiri habari zake hata kidogo, kwangu alikuwa amekwisha pale kuku alipotoka.

Tangu siku hiyo ni majuma matano. Mwenzangu amekwisha chora kurasa saba za daftari la nane kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa wino hatuna, na ukurasa wa mwisho ameuacha wazi, ananidai maneno. Watoto wameacha kuuliza. Nimeandika miisho mitatu nikaichana yote. Katika mmoja mama anaipata kadi, katika mwingine haipati, na wa tatu siutaji.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake nikamwomba kwamba safari hii nimsomee kwanza, kabla halijapita nyumba kwa nyumba, naye aseme lipi liondoke. Alikuwa anachambua maharagwe. Akaniuliza kama mle ndani kuna kuku. Nikasema hakuna. Akasema nije Jumamosi, lakini si asubuhi, asubuhi yuko katika foleni ya maji.